Jicho Likikucheza, Usikimbilie Kupiga Simu Nyumbani

Ilikuwa wiki ya pili ya mitihani ya mwisho wa semesta, mwaka wangu wa pili. Tumekaa kwenye kimbweta tunapiga msuli, madesa yamejaa meza nzima, mara kope ya chini ya jicho langu la kushoto ikaanza kucheza. Tap, tap, tap, kama moyo mdogo umehamia usoni. Nikasugua, ikatulia. Nikarudi kwenye daftari, ikaanza tena. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya nne sikuwa nacheka tena.

Mwenzangu wa chumbani, mtu anayesomea sayansi kabisa, aliniangalia akasema: "Ya chini hiyo. Ya chini ni machozi. Piga simu nyumbani."

Nyumbani baba ana presha. Nikajikaza mpaka usiku, nikashindwa. Saa nane usiku nikapiga. Mama alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, na swali lake la kwanza sitalisahau: "Mwanangu, nani amekufa?"

Nikamwambia hamna kitu, nilitaka tu kuwasalimia. Sasa nani anasalimia saa nane usiku? Kesho yake dada akanieleza kilichoendelea. Baada ya simu yangu hakuna aliyelala nyumba nzima. Baba alipopimwa asubuhi presha ilikuwa imepanda. Mama hakukaanga vitumbua siku ile, na siku ambayo vitumbua havijauzwa pale nyumbani kwetu inajulikana mpaka jioni mezani. Yaani jicho lilitabiri matatizo, na matatizo yakaja kweli, ila niliyepeleka ni mimi mwenyewe kwa vocha yangu.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Mitihani inakaribia tena, na najua kuna mtu anasoma hapa huku kope inamcheza. Kabla hujamwamsha mama, tusomeshane kidogo.

Kinachocheza ni nini hasa?

Watu wengi tunasema "jicho linacheza", lakini jicho lenyewe limetulia. Kinachocheza ni kope, yaani ile ngozi inayofunika jicho, na hasa msuli uliopo chini ya ngozi hiyo.

Fikiria pazia la dirisha la chumba chenu. Kuna kamba ya kulipandisha na kamba ya kulishusha. Kope nayo ina misuli yake. Kuna msuli unaoinyanyua kope ya juu ili ufungue jicho, na kuna msuli mwingine wa mviringo unaozunguka jicho lote kama pete, ambao kazi yake ni kulifumba. Huu wa mviringo ndio unaotumia unapopepesa, unapokonyeza na unapofumba macho vumbi likipita. Na huu ndio unaotuchezea.

Msuli haufanyi kazi bila kuamriwa. Amri za msuli huu zinapita kwenye neva ya uso, ambayo ni ya saba kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kichwani. Katika hali ya kawaida amri inashuka, msuli unajikunja, jicho linafumba, basi. Kope inapocheza, nyuzi chache tu za msuli zinapata amri ambazo hukuzitoa, fupifupi, zinazofuatana haraka. Ni kama darasa la watoto 60: mwalimu hajasema kitu, lakini watoto watatu kwenye kona wanagonga dawati. Darasa zima halijaasi. Ni wale watatu tu.

Kitabibu hali hii inaitwa maiokimia ya kope. Mara nyingi inashika upande mmoja, na zaidi kope ya chini. Inakuja na kuondoka: sekunde kadhaa, inatulia, saa moja baadaye inarudi. Inaweza kukaa siku chache au wiki chache, halafu ikapotea yenyewe bila dawa. Haiumi, haipunguzi uwezo wa kuona, na haifungi jicho.

Kingine ambacho kilinishangaza: wewe unaisikia kama ngoma, ila mtu aliyekaa mbele yako kwa kawaida haioni kabisa, au akikazia macho sana ataona katetemeko kadogo tu. Kwa hiyo ukiogopa kwamba watu kwenye semina wanadhani unawakonyeza, tulia. Hawajaona kitu. Nenda kioo­ni kama huamini.

Kwa nini inakuja wakati wa mitihani?

Siku mbili baada ya ile simu nilikwenda zahanati ya chuo. Daktari alinitazama macho, akanimulika na kurunzi, akanifanya nifumbe na kufumbua, nitabasamu, nikunje paji la uso. Halafu hakuandika dawa. Akaniuliza maswali matatu: "Unalala saa ngapi? Unakunywa nini ili usilale? Simu yako unaizima saa ngapi?"

Nilijibu ukweli, na nilipokuwa najibu nikaona aibu mwenyewe. Nilikuwa nalala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili. Nilikuwa nakunywa enaji mbili kwa siku, kahawa asubuhi, na chai mara mbili. Na simu nilikuwa siizimi, kwa sababu madesa yote yamo humo kwa PDF.

Hayo matatu ndiyo yanayotajwa zaidi kila mahali penye maelezo ya kope kucheza, pamoja na la nne ambalo daktari hakuliuliza: mawazo. Tuyachukue moja moja.

Kwanza, uchovu na kukosa usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku. Sisi wakati wa mitihani tunalala tatu, tunajisifia. Neva na misuli iliyochoka inakuwa rahisi kushtuka. Na hapa kwa sisi wa elimu kuna jambo la kujicheka. Mwaka wa kwanza wote tulifundishwa kuhusu Hermann Ebbinghaus, Mjerumani ambaye mwaka 1885 alichapisha utafiti wake kuhusu kumbukumbu na kusahau. Tukaandika kwenye mtihani kwamba kusoma kidogo kidogo kwa siku nyingi kunakaa kichwani kuliko kulundika usiku mmoja. Tukapata alama. Na jibu hilo lenyewe tulilikariri kwa kulilundika usiku mmoja.

Pili, kafeini. Hii ndiyo iliyonikamata mimi. Kikombe kikubwa cha kahawa kina takriban miligramu 95 za kafeini, cha chai ya rangi karibu nusu ya hiyo. Vinywaji vingi vya enaji vina takriban miligramu 30 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 500 inabeba kama 150. Kiwango ambacho mashirika ya usalama wa chakula ya Ulaya na Marekani yanasema mtu mzima mwenye afya asikivuke ni miligramu 400 kwa siku. Sasa piga hesabu yangu: enaji mbili 300, kahawa 95, chai mbili kama 90. Jumla 485. Kila siku. Kwa wiki mbili.

Na kafeini haiondoki haraka. Kwa wastani mwili unachukua kama saa 5 kupunguza nusu tu ya ulichokunywa. Ukinywa ile chupa ya 150 saa nne usiku, saa tisa usiku bado una 75 mwilini. Saa mbili asubuhi, unapoingia chumba cha mtihani, bado una karibu 37. Dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, jueni kwamba vinaweza kuifanya ikae muda mrefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata ukipata saa tatu za kulala, unazilala na kafeini.

Tatu, macho yenyewe. Kwa kawaida mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika. Kila ukipepesa unapaka machozi mapya juu ya jicho, kama dekio linavyopita sakafuni. Ukikodolea skrini, kupepesa kunapungua sana, hata chini ya nusu. Jicho linakauka, linawasha, na msuli wa kulifumba unachokozwa. Ongeza feni ya hosteli inayokupiga usoni, mwanga mkali wa simu gizani ili usimsumbue mwenzako wa juu, na maandishi madogo ya PDF, basi jicho lina haki ya kulalamika. Kama pia una tatizo la kuona na hujapimwa miwani, unakunja uso siku nzima bila kujua.

Nne, mawazo. Bumu halijaingia. Kodi ya chumba cha mtaani imefika. Kuna somo lilikupa sapu mwaka jana na liko Jumatatu. Baba ana presha. Mwili wenye wasiwasi unakaa umekaza, na misuli midogo ya usoni ni kati ya ile inayotoa siri. Ubaya ni kwamba jicho likicheza unapata wasiwasi, na wasiwasi unalifanya liendelee kucheza, nawe unazidi kuwa na wasiwasi. Mimi nilizunguka kwenye duara hilo siku nne nzima.

Pombe na sigara nazo zimo kwenye orodha, na mirungi ni kichocheo kama vichocheo vingine. Pia baadhi ya dawa za hospitali, kwa mfano baadhi za kifafa na za magonjwa ya akili, zinaweza kuleta hali hii. Kama unatumia dawa hizo usiziache kwa kusoma makala ya gazeti la wanafunzi. Mweleze daktari aliyekuandikia.

Na ule utabiri?

Sitaki kuwadharau bibi zetu. Mimi nimelelewa na bibi, na mambo mengi aliyoniambia nimeyakuta kweli. Lakini hili tulifikirie pamoja.

Kwetu wengi husema kope ya juu ikicheza utaona mgeni au jambo zuri, ya chini ikicheza utalia. Wengine husema jicho la kulia ni heri na la kushoto ni shari. Uchina wana msemo unaosema kinyume: la kushoto ni fedha, la kulia ni balaa. India inategemea jinsia: kwa mwanamume la kulia ndilo zuri, kwa mwanamke la kushoto. Sasa kope yangu ya chini ya kushoto ilikuwa inasema nini? Kwetu msiba, Uchina utajiri, India inategemea umenizaa mvulana au msichana. Kama jicho lingekuwa linajua ya mbele, watu wa dunia nzima wangekuwa wameshakubaliana lipi lina habari gani.

Kwa nini basi tunaona kama linatimia? Hesabu tu. Una wazazi, ndugu, shangazi, wajomba, majirani, wanachuo wenzako na makundi kadhaa ya WhatsApp. Ndani ya wiki tatu ambazo kope inacheza, haiwezekani isitokee habari hata moja ya kuhuzunisha kwa watu wote hao. Ikitokea, unakumbuka jicho. Siku zote ambazo jicho lilicheza na hakuna kitu kikatokea, huzikumbuki. Hakuna anayetangaza kwenye kundi, "Jamani jicho langu lilicheza mwezi uliopita na mambo yote yako salama."

Lakini nielewe vizuri. Ukipata hamu ya kumsalimia mama, msalimie. Mpigie saa moja jioni, muulize vitumbua vimekwendaje. Hiyo ni nzuri na haihitaji ruhusa ya jicho.

Cha kufanya

Kwa kuwa mimi ni mwalimu mtarajiwa, niliandika kama andalio la somo. Wiki moja, lengo moja, kupima mwishoni. Niliyofanya ni haya.

Nililala. Niliamua saa sita usiku madaftari yafungwe, liwalo na liwe. Siku mbili za kwanza nilikuwa nageuka tu kitandani kwa sababu mwili ulikuwa umezoea kukesha. Ya tatu nililala kama gogo.

Nilipunguza kafeini hatua kwa hatua. Usiache ghafla, maana ukiwa umezoea kunywa nyingi kichwa kinaweza kukuuma siku mbili tatu, na kichwa kinachouma kwenye mitihani ni hasara nyingine. Nilianza kwa kuacha enaji ya usiku, baadaye ya mchana. Kahawa ya asubuhi nikaibakiza. Baada ya saa nane mchana, maji tu.

Nilipumzisha macho. Kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: kila baada ya dakika 20 za skrini, angalia kitu kilicho umbali wa kama mita 6, kwa sekunde 20. Kwenye kimbweta ni rahisi, unaangalia mti wa ng'ambo. Chumbani, simama mlangoni uangalie mwisho wa korido. Na ukiwa unaangalia, pepesa kikamilifu, kope zikutane. Feni nikaigeuza ipige ukuta.

Niliweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu, siyo moto. Kilowekee, kikamue, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10. Kinalegeza msuli na kusaidia macho makavu. Kiwe kisafi, na kisiwe cha kuazimana.

Niliandika. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari niliweka tarehe, saa nilizolala, nilichokunywa, na mara ambazo kope ilicheza. Siku ya tano nikaona mwenyewe bila kuambiwa na mtu kwamba siku iliyofuata usiku mfupi ndiyo iliyokuwa mbaya. Siku ya nane kope ilicheza mara moja tu, asubuhi. Siku ya 11 sikuandika kitu. Na mitihani? Niliifanya, na sikufeli somo lolote kwa sababu ya kulala.

Sasa ya kutofanya. Usinunue matone ya macho dukani kwa kubahatisha. Baadhi yana steroidi, kama deksamethasoni, na ukiyatumia ovyo yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta matatizo ya kudumu. Ukiwa na maambukizi ndiyo yanayazidisha. Kwa macho makavu yapo matone ya machozi ya bandia. Mwambie mfamasia hayo ndiyo unayotaka, na usichukue ya kuondoa wekundu. Usitie limau, asali, maji ya majani wala maziwa ya mtu kwenye jicho. Jicho siyo mboga. Watu wamepofuka kwa dawa za kienyeji za machoni wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo.

Mitandaoni utasikia sana habari ya magnesiamu. Ushahidi kwamba vidonge vya magnesiamu vinatibu kope kucheza ni hafifu. Kula ndizi, maharage, karanga na mboga za majani kwa sababu ni chakula kizuri, na hela ya vidonge nunulia chakula cha jioni. Wengi wetu tunalala na chai na andazi halafu tunatafuta ugonjwa.

Ambalo si la kucheka nalo

Hapa nataka usome taratibu, kwa sababu siyo kila kutikisika kwa uso ni maiokimia.

Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo, kwenye shule niliyopangiwa kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzima, hodari sana ubaoni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unavutwa. Jicho linafumba kwa nguvu, shavu linapanda, kona ya mdomo inafuata, yote upande uleule. Wanafunzi walimpa jina la utani ambalo sitaliandika. Hilo lingevumilika. Tatizo lilikuja mzazi mmoja alipofika shuleni na kulalamika kwamba mwalimu anamkonyeza binti yake darasani.

Ndugu zangu mnaosomea ualimu, mnajua uzito wa tuhuma hiyo. Mwalimu yule aliitwa ofisini. Alitoka uso umezama, na kadiri alivyokuwa na huzuni ndivyo uso ulivyozidi kuvutwa, na kadiri ulivyovutwa ndivyo watu walivyozidi kuamini. Ofisini kwa walimu wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Aliacha kukaa nasi wakati wa chai.

Aliyemwokoa ni mwalimu wa biolojia, mama mmoja asiye na maneno mengi. Alimwambia, "Kaka, twende hospitali ya rufaa, mimi nitakusindikiza." Huko ikaelezwa kwamba ana ugonjwa wenye jina: kukakamaa kwa nusu ya uso. Mara nyingi chanzo chake ni mshipa wa damu unaogandamiza ile neva ya uso karibu na pale inapotoka kwenye ubongo. Unaanzia kwenye jicho, kisha unashuka shavuni na mdomoni, na unaweza kuendelea hata mtu akiwa amelala. Hauna uhusiano na tabia ya mtu. Alirudi na karatasi ya daktari, mkuu wa shule akaisoma mbele ya walimu wote, na yule mzazi akaitwa kuelezwa. Kabla sijamaliza mafunzo yangu alikuwa ameshaanza matibabu.

Kuna na ugonjwa mwingine, blefarospazimu, ambapo macho yote mawili yanajifumba kwa nguvu bila mtu kutaka, mpaka wakati mwingine anashindwa kusoma au kuvuka barabara. Huu unawapata zaidi watu wa makamo na wazee. Magonjwa haya mawili yanatibiwa kwa sindano ya botulinumi, dawa inayolegeza msuli kwa miezi kama 3 au 4 kisha inarudiwa. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, ndiye aliyeifanyia kazi, na Marekani iliidhinisha mwaka 1989. Ndiyo, ni ileile ambayo matajiri wanachoma kuondoa makunyanzi. Ilianza kwenye tiba ya macho.

Kwa hiyo nenda kaonane na daktari kama kope imecheza kwa wiki kadhaa na haitulii hata baada ya kupumzika. Kama jicho linajifumba lote. Kama kutikisika kumehamia shavuni, mdomoni au sehemu nyingine. Kama kope ya juu imeshuka. Au kama jicho ni jekundu, limevimba, linatoa uchafu, linauma au huoni vizuri. Anza zahanati ya chuo, kadi ya bima uwe nayo mfukoni, na ukipewa rufaa ifuate. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na CCBRT zina idara za macho.

Na hili ni la dharura, la kwenda sasa hivi: uso ukipinda upande mmoja ghafla, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, au maneno yakatoka kwa shida. Huo unaweza kuwa kiharusi, na vijana nao wanapata. Inaweza pia kuwa neva ya uso imepooza, ambayo dawa zake hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya siku 3. Kwa vyovyote vile usisubiri asubuhi, usisubiri mtihani uishe, na usiruhusu mtu akupeleke kwa mganga kwanza. Mwenzako wa chumba akipatwa na hali hiyo, wewe ndiye wa kumpeleka.

La kumalizia

Mwezi uliopita mwenzangu wa chumbani, yuleyule, aliamka akakaa kitandani ameshika uso. "Aisee," akasema, "la kulia linanicheza, la juu. Nitapata mgeni." Nikamuuliza alilala saa ngapi. Akanyamaza. Nikaangalia chini ya kitanda chake, chupa za enaji nne.

Nikamwambia mgeni ameshafika, anaitwa uchovu, mkaribishe alale.

Alicheka, akalala. Jioni yake nikampigia mama, saa moja kamili, kwa salamu tu. Akapokea, akauliza, "Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Safari hii aliniamini.